Chambua Uamuzi, Usichambue Matokeo: Namna ya Kusoma Mechi za Pokémon za Kiwango cha Juu

Fainali ya dunia ya Pokémon hutazamwa na watu wengi wanaotaka kucheza vizuri zaidi, na wengi wao huondoka kwenye kioo wakiwa na jina la bingwa peke yake. Wameona moto ukiwaka, wamesikia watangazaji wakipaza sauti, wamehesabu nani kaanguka na nani kabaki. Kesho yake wananakili timu ya bingwa ilivyo, wanaingia mchezoni, wanapigwa. Hapo lawama huanza: timu imepitwa na wakati, bahati haikuwepo, mpinzani amebahatisha.

Ninachoona mimi ni kwamba walitazama matokeo, na matokeo hayafundishi. Mchezaji anaweza kuamua vizuri akapoteza, na anaweza kuamua vibaya akaokolewa na bahati. Ushauri wangu katika makala haya ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao: unapochambua mechi, rudi kwenye sekunde ile ambayo mchezaji alikuwa bado hajui kitakachotokea. Ona alichokuwa anakiona, hesabu alichoweza kufanya, kisha ndipo umhukumu. Ukizoea kufanya hivyo, mechi moja ya bingwa itakufundisha zaidi ya mapambano mengi ya kukimbizana na ushindi.

Kwanza, kanuni

Huwezi kuhukumu uamuzi bila kujua mipaka yake. Mashindano rasmi ya mchezo wa video wa Pokémon, ambayo wachezaji huyaita VGC, huchezwa wawili kwa wawili. Kila mchezaji huja na Pokémon sita, huwaona sita wa mwenzake, kisha hupewa sekunde 90 za kuchagua wanne wa kuingia nao. Wawili huanza uwanjani na wawili hubaki nyuma. Wote hupigana wakiwa kwenye kiwango cha 50. Ndani ya timu hakuna Pokémon anayejirudia, na hakuna kifaa kinachobebwa na wawili. Katika mashindano makubwa mechi huwa na mapambano hadi matatu, na anayechukua mawili ndiye mshindi.

Kila zamu ina sekunde 45 za kuamua. Zaidi ya hapo, kila mchezaji ana akiba ya dakika 7 za kufikiri kwa pambano zima, na pambano lenyewe lina dakika 20. Muda ukiisha, aliyebakiza Pokémon wengi zaidi hushinda. Kwa hiyo saa nayo ni sehemu ya mchezo, na uamuzi unaoonekana wa ajabu mwishoni mwa pambano huenda umefanywa na mtu aliyebakiwa na sekunde chache.

Tangu zama za Pokémon Scarlet na Violet, michezo iliyotoka mwaka 2022, mashindano makubwa hutumia karatasi za timu zilizo wazi. Kabla ya kuanza, kila mchezaji husoma Pokémon wa mwenzake, vifaa wanavyobeba, vipaji vyao, mbinu nne za kila mmoja, na katika Scarlet na Violet aina ya Tera, yaani aina mpya ambayo Pokémon mmoja anaweza kugeukia mara moja tu katika pambano. Kinachobaki kimefichwa ni namna mchezaji alivyogawa nguvu: nani ameongezewa kasi, nani ameongezewa uhai, nani ulinzi. Hilo litatufaa baadaye.

Kanuni iliyo nzito kuliko zote ni kwamba wachezaji wawili huamua kwa wakati mmoja. Kwenye bao unamsubiri mwenzako amalize kusambaza kete, unatazama zilivyokaa, kisha unahesabu mtaji wako. Hapa hakuna kusubiri. Unaamua bila kujua mwenzako anaamua nini, naye anaamua huku akikukisia wewe. Ndiyo maana swali la kuuliza kila zamu haliwezi kuwa "kwa nini hakujua?" Hakuweza kujua. Uliza: kati ya yale ambayo mpinzani angeweza kufanya, mchezaji huyu alijikinga dhidi ya yapi, na yapi aliyaacha?

Soma timu kabla ya kutazama pambano

Mtazamaji wa kawaida huiruka karatasi ya timu akasubiri mapigano. Wewe ianzie hapo. Simamisha video, chukua kalamu, na kwa kila timu jibu maswali matatu. Timu hii inakusudia kushinda kwa mkono wa nani? Inatawala kasi kwa njia gani? Na kila mmoja wa wale sita yupo kwa kazi ipi?

Swali la tatu ndilo linalofungua macho. Chukua mfano ambao wapenzi wa mchezo huu wanaujua. Mwaka 2014, mjini Washington, Sejun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia katika kundi la wakubwa akiwa na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye karibu kila mtu alimdharau. Hadithi yake husimuliwa kama muujiza wa kumwamini mnyonge. Isome kama mchambuzi, nayo itageuka kuwa hesabu.

Timu ya Park ilikuwa na Gyarados, na Gyarados ni wa maji na anga, kwa hiyo pigo la umeme humuumiza mara nne ya kawaida. Talonflame wa timu hiyo hiyo naye huumizwa na umeme mara mbili. Park alihitaji mtu wa kuyavuta mapigo ya umeme yasiwafikie. Pachirisu ana kipaji cha Volt Absorb, ambacho humfanya aongezewe uhai anapopigwa na umeme, na ana mbinu ya Follow Me, ambayo huyaelekeza kwake mapigo yanayomlenga mwenzake mmoja. Viweke pamoja: mpinzani anapiga umeme kumwangusha Gyarados, na pigo linaishia kumtibu Pachirisu. Juu ya hayo alikuwa na Nuzzle ya kupoozesha na kupunguza kasi ya adui, na Super Fang inayokata nusu ya uhai uliobaki wa yeyote asiye mzuka, hata aliye na ulinzi mkubwa, kwa hiyo udhaifu wake wa kupiga haukuwa na uzito. Park alikuwa na kazi maalumu, akatafuta anayeiweza.

Aliyenakili Pachirisu baada ya fainali ile bila Gyarados na bila kazi ile, alinakili picha. Kwa hiyo kila unapoona Pokémon asiye wa kawaida kwenye timu ya mchezaji mkubwa, usiulize ana nguvu kiasi gani. Uliza anamlinda nani, anamzuia nani, na timu ingeumia wapi asingekuwepo.

Tumia zile sekunde 90

Baada ya kusoma timu, usiiachie video iende. Jipe wewe mwenyewe sekunde 90. Jiweke kwenye kiti cha mchezaji mmoja, chagua wanne wako, chagua wawili wa kuanza, na uandike sababu kwa sentensi moja. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Kisha endelea kutazama.

Ukitofautiana na mchezaji wa kiwango cha juu, una jambo la kujifunza, lakini usikimbilie kusema yeye ndiye sahihi kwa kuwa ana jina. Tafuta sababu. Mara nyingi utagundua kwamba wewe ulichagua wanaopiga vizuri, naye alichagua wanaoingia vizuri: Pokémon wanaoweza kupokezana uwanjani bila kuumia. Utagundua pia kwamba wengi wao huchagua kwa kuanzia mwisho. Hujiuliza, "Tukibaki wawili kwa wawili, nataka nani awepo?" kisha wanarudi nyuma kutafuta namna ya kumfikisha huyo salama. Ukilijua jambo hilo, utaacha kushangaa kwa nini mshambuliaji mkali kabisa wa timu hakuonekana katika zamu tatu za mwanzo.

Zamu kwa zamu, pande zote mbili

Sasa ingia ndani. Chora mistari kwenye daftari: zamu, chaguo za upande wa kushoto, chaguo za upande wa kulia, kilichochaguliwa, na kilichotokea. Simamisha video kabla ya kila zamu na ujaze safu mbili za chaguo. Si lazima uandike kila linalowezekana. Chaguo mbili au tatu zenye maana kwa kila upande zinatosha.

Tuchukue hali ambayo imejitokeza mara nyingi katika Scarlet na Violet. Ni zamu ya kwanza. Kushoto kuna Incineroar na Tornadus. Kulia kuna Amoonguss na Flutter Mane. Mtazamaji wa juu juu atasema Incineroar atatumia Fake Out, pigo la haraka linalomfanya aliyepigwa asite asifanye kitu, na ambalo hufanya kazi tu katika zamu ya kwanza ya anayeingia uwanjani. Sawa, lakini kwa nani? Fake Out ni pigo la aina ya kawaida, na Flutter Mane ni mzuka, haguswi na aina hiyo. Kwa hiyo Fake Out ina mlengwa mmoja tu, Amoonguss, na wachezaji wote wawili wanalijua hilo.

Hapo ndipo kukisiana kunapoanza. Mchezaji wa kulia anaweza kumfanya Amoonguss atumie Protect, ambayo huja kabla ya Fake Out. Fake Out itapotea, na Flutter Mane atapiga kwa uhuru. Au anaweza kujasiri, akamwagiza Amoonguss atumie Rage Powder ya kuyavuta mapigo kwake, akitumaini kwamba Fake Out haiji. Mchezaji wa kushoto naye, akihisi Protect inakuja, anaweza kuiacha Fake Out na kumpiga Flutter Mane kwa Flare Blitz, kwa kuwa Flutter Mane ana ulinzi mdogo dhidi ya mapigo ya mwili. Lakini je, ikiwa Amoonguss atatumia Rage Powder? Flare Blitz itavutwa kwake, na yeye ni wa nyasi na sumu, moto humuumiza mara mbili. Kwa kushoto hilo si baya hata kidogo. Wakati huohuo Tornadus, kwa kipaji cha Prankster, anavumisha Tailwind mapema na kuzidisha kasi ya upande wake mara mbili.

Ukizipanga chaguo hizi utaona kitu ambacho matokeo pekee yasingekuonyesha. Flare Blitz kwa Flutter Mane inaacha faida katika hali zote mbili: Amoonguss akijilinda, Flutter Mane anaumia; Amoonguss akivuta mapigo, anaungua yeye. Fake Out inaleta faida katika hali moja tu, ile ambayo Amoonguss hajilindi. Hata hivyo Flare Blitz ina gharama yake: Flutter Mane hupiga kwanza, na kama Amoonguss akitumia Spore, kuna atakayelala. Sasa unaweza kuijadili zamu hiyo kwa haki. Mchezaji wa kushoto akitumia Fake Out na Protect ikaizuia, hujaona uzembe. Umeona mtu aliyeogopa Spore zaidi ya alivyotaka madhara. Kama hofu hiyo ilikuwa na msingi, utaijua kwa kuangalia nani mwingine alikuwa nyuma.

Na usisahau chaguo la kubadilisha. Wanaoanza kuchambua huorodhesha mapigo pekee, wakati mabingwa wanafikiria kila zamu kama kuna mtu wa nyuma anayestahili kuingia. Incineroar akiondoka na kurudi hupata Fake Out upya, na kwa kipaji cha Intimidate hupunguza nguvu ya mwili ya maadui wote wawili kwa hatua moja, yaani wanabaki na theluthi mbili. Zamu inayoonekana "tupu," ambayo hakuna aliyepiga, mara nyingi ndiyo iliyobeba pambano.

Weka hesabu ya kasi

Katika mchezo wa wawili kwa wawili, anayetangulia mara nyingi ndiye anayebaki. Kwa hiyo pembeni ya daftari weka kumbukumbu ya kasi. Kila Tailwind inapovuma, andika zamu. Hudumu zamu nne, na ile ilipovumishwa imo ndani ya hesabu, kwa hiyo mchezaji hubaki na zamu tatu kamili za kunufaika nayo. Trick Room, ambayo humtanguliza mwenye kasi ndogo, hudumu zamu tano kwa hesabu hiyo hiyo, nayo huja mwisho wa zamu, ikiacha nne za matumizi.

Namba hizi hueleza maamuzi mengi yanayoonekana ya woga. Mchezaji anayejilinda kwa Protect na kubadilisha Pokémon wakati upepo wa mwenzake unavuma anakula zamu. Kila zamu anayoipoteza adui bila kumwangusha mtu ni moja katika tatu. Ukiona mtu anajilinda, hesabu imebaki zamu ngapi kabla ya upepo kukatika, nawe utajua kama alikuwa anakimbia au anasubiri.

Kasi pia hufichua kilichofichwa. Nimesema karatasi ya timu haionyeshi mgawanyo wa nguvu, ila uwanja huuonyesha kidogo kidogo. Incineroar asiyeongezewa kasi ana 80 kwenye kiwango cha 50. Flutter Mane aliyeongezewa kasi yote, na mwenye tabia inayoipendelea, ana 205. Upepo ukivuma upande wa Incineroar, anafika 160 na bado hamfikii. Ukimwona Incineroar ametangulia mbele ya mtu ambaye kwa hesabu asingemfikia, mchezaji amewekeza kasi kwa makusudi, na mpinzani makini ameliandika jambo hilo kichwani kwa pambano la pili. Wewe liandike kwenye daftari.

Hesabu madhara, usiyakisie

Kila pigo lina namba 16 zinazowezekana, kuanzia asilimia 85 hadi asilimia 100 ya nguvu yake. Pigo linalowapata maadui wawili kwa pamoja hupunguzwa hadi asilimia 75. Pigo la aina ya mpigaji mwenyewe huongezwa mara moja na nusu, na Pokémon akitumia Tera ya aina aliyokuwa nayo tangu mwanzo, nyongeza hufika mara mbili. Hizi si takwimu za kupamba mazungumzo. Zina uzito kwa sababu maamuzi mengi makubwa hutegemea swali moja dogo: je, pigo hili litamwangusha au litamwacha na uhai kidogo?

Kuna vikokotoo vya bure mtandaoni vinavyojibu swali hilo. Unaingiza mpigaji, mpigwaji, kifaa, Tera na hali ya uwanja, nacho kinakuambia ni namba ngapi kati ya 16 zinaangusha. Kama ni 14, mchezaji alikuwa na nafasi ya asilimia 87.5. Kama ni 2, alikuwa na asilimia 12.5. Aliyepiga akiwa na nafasi ya kwanza akakosa, hakukosea. Aliyepiga akiwa na nafasi ya pili akafanikiwa, huenda alikosea vibaya, au huenda hakuwa na njia nyingine yoyote.

Tumia kikokotoo pia kwa kurudi nyuma. Pokémon akinusurika pigo ambalo kwa kawaida lingemmaliza, badilisha mgawanyo wa uhai na ulinzi hadi upate unaoeleza kilichotokea. Utaanza kuona kwamba wachezaji wa juu hawaongezi nguvu ovyo. Humpa Pokémon ulinzi unaotosha kunusurika pigo moja mahususi la adui mmoja mahususi, kisha kinachobaki wanakipeleka kwingine. Mgawanyo wa namna hiyo unakuambia walimwogopa nani walipokuwa wakiandaa timu.

Bahati ipewe haki yake

Bahati ipo, na haina haja ya kukanwa. Heat Wave hufika kwa asilimia 90, lakini hupimwa kwa kila adui peke yake, kwa hiyo uwezekano wa kuwapata wote wawili ni asilimia 81. Rock Slide nayo ina asilimia 90 ya kufika na asilimia 30 ya kumfanya aliyepigwa asite; kwa mlengwa mmoja, ikiwa mpigaji ametangulia, hiyo ni asilimia 27. Pigo la hatari hutokea mara moja katika 24 na kuongeza madhara kwa nusu. Protect ya kwanza haishindwi, lakini ukiirudia zamu inayofuata inabaki na theluthi moja.

Mchambuzi hafanyi kazi ya kulaani namba hizi. Anauliza mambo mawili. La kwanza: nani aliyechagua njia inayozitegemea? Mchezaji aliyekuwa anaongoza kwa mbali, kisha akatumia pigo la asilimia 85 wakati pigo la uhakika lingetosha, asilaumu bahati likikosa. La pili: je, alikuwa na njia nyingine? Aliyebakiwa na Pokémon mmoja dhidi ya watatu anatakiwa kutafuta hatari, kwa kuwa mchezo salama kwake ni kupoteza kwa utaratibu. Kujilinda mara mbili mfululizo kwa theluthi moja ni upuuzi kwa anayeongoza, na kunaweza kuwa uamuzi bora kabisa kwa anayezama. Kanuni ya kuandika kwenye jalada la daftari ni hii: anayeongoza apunguze mambo yanayoweza kutokea, aliye nyuma ayaongeze. Pima kila uamuzi wa hatari kwa kanuni hiyo.

Anayedhani mchezo huu ni bahati tupu atazame orodha ya mabingwa. Ray Rizzo wa Marekani alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2010, akautwaa tena 2011, na tena 2012. Bahati haimjui mtu miaka mitatu mfululizo. Kinachojirudia namna hiyo ni ubora wa maamuzi, unaojilimbikiza zamu baada ya zamu hadi bahati ya siku moja isiweze kuufuta.

Pambano la pili halianzi upya

Kosa la wachambuzi wengi ni kutazama mapambano matatu kama mechi tatu. Ni mazungumzo mamoja. Katika pambano la kwanza kila mchezaji ameonyesha wanne wake, mwendo wake wa kuanza, kasi ya baadhi ya Pokémon wake, na tabia yake anapobanwa. Yote hayo yanabebwa kwenda la pili.

Kwa hiyo kabla ya pambano la pili, andika kila upande umejifunza nini. Kisha tazama nani kabadilika. Aliyepoteza mara nyingi hubadilisha wanaoanza, na aliyeshinda hubaki na swali gumu zaidi: nirudie kilichofanya kazi, au nibadilike kwa kuwa mwenzangu atakuja na jibu? Kama kushoto alijilinda zamu ya kwanza ya pambano la kwanza, kulia atalikumbuka. Je, atalitumia? Na kushoto anajua kwamba kulia analikumbuka. Katika pambano la tatu tabaka hizi huwa nyingi, na hapo ndipo utaona mchezaji mkubwa akifanya jambo rahisi kupita kiasi: anaacha kukisia, anachagua hatua ambayo haitamuumiza sana hata akikosea. Hatua hiyo haishangiliwi na watangazaji. Wewe iwekee alama.

Itafute zamu iliyoamua

Ukimaliza kutazama, rudi kinyumenyume. Anzia zamu ya mwisho uulize: je, aliyepoteza bado alikuwa na njia ya kushinda hapa? Kama hakuwa nayo, rudi zamu moja. Endelea hadi ufike mahali ambapo njia ilikuwepo. Zamu hiyo ndiyo ya kukaa nayo, na ni nadra kuwa ile yenye kishindo. Mara nyingi utaikuta katikati, mahali ambapo mchezaji alimtumia Pokémon ambaye alimhitaji baadaye, au alitumia Tera kumwokoa mtu asiyekuwa na kazi iliyobaki.

Tera inastahili ukaguzi wake. Ni moja kwa pambano, kwa hiyo kila anayeitumia amewanyima wengine watatu. Andika ilitumika zamu gani, ilinunua nini, na kama kitu hicho kilisaidia kushinda. Kugeukia aina ya nyasi ili Spore na Rage Powder zisikupate ni uamuzi mzuri ikiwa huyo aliyegeuka ndiye mwenye kazi ya kumaliza pambano. Kama si yeye, umelipa bei ya ng'ombe ukapata mbuzi.

Lete kwenye meza yako

Uchambuzi wa mabingwa utakufaa ukiuleta kwenye mapambano yako. Pokémon Showdown, kiigizi cha bure kinachofanya kazi kwenye kivinjari, huhifadhi marudio ya mapambano kama kumbukumbu nyepesi, kwa hiyo kwa msomaji anayehesabu bando, kutazama marudio kumi hapo ni nafuu kuliko saa moja ya video. Huandika pia asilimia ya uhai baada ya kila pigo, jambo linalorahisisha hesabu za madhara. Wolfe Glick, bingwa wa dunia wa mwaka 2016, ana chaneli ya YouTube anayoeleza fikra nyuma ya mechi. Ukimtazama, simamisha kabla hajaeleza, andika jibu lako, kisha msikilize.

Anza na mechi moja kwa wiki, usizidishe. Chambua mechi ya bingwa mmoja, kisha pambano lako moja ulilopoteza na moja ulilolishinda. La ushindi usiliruke, kwa sababu ndani yake makosa yamejificha vizuri zaidi. Ukipata mwenzako wa kuchambua naye, gawaneni pande: mmoja amtetee wa kushoto na mwingine wa kulia, na asiruhusiwe mtu kusema "lakini alishinda" kama hoja. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, ila ni kwa yule anayerudi kuangalia alipopotea.

Mwaka 2018 ubingwa wa dunia ulikwenda Ecuador kwa mkono wa Paul Ruiz, na mwaka 2022 ulikwenda Ureno kwa mkono wa Eduardo Cunha. Hakuna nchi iliyofungiwa mchezo huu, na fikra za wachezaji bora wa dunia ziko wazi kwenye marudio kwa yeyote mwenye kivinjari, daftari na subira. Chagua fainali moja usiku wa leo. Kabla ya zamu ya kwanza isimamishe, jaza safu zako mbili, na usibonyeze kuendelea mpaka uwe umeamua wewe ungefanya nini na kwa nini.